Daktari ni Shahidi: Jibu kwa Wenzetu wa Udaktari



Makala hii ni deni. Muhula uliopita walitutembelea hapa Mbale wanafunzi wenzetu Waislamu wanaosomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Busitema, ambao kitivo chao kiko mji huu huu, jirani na hospitali ya rufaa. Tuliswali Alasiri pamoja, kisha tukakaa nyuma ya msikiti tukinywa chai. Mmoja wao, kijana mpole aliyekuwa amekesha wadini usiku wa kuamkia siku ile, akaleta swali. Ameombwa ajiunge na kikundi cha wanafunzi wa udaktari wanaopinga vita na silaha. Ndugu mmoja katika jumuiya yao amemkanya. Amemwambia kazi ya daktari ni kutibu, mambo ya vita yana wenyewe, na kwamba Mwislamu akisema hataki vita bila kubagua, basi amesema hataki jihadi.

"Sasa nyinyi mnaosoma dini," akasema, "mtuambie."

Wenzangu wawili wakajibu papo hapo, mmoja ndiyo, mmoja hapana, kila mtu na dalili yake. Mimi nilinyamaza. Akanigeukia: "Na wewe, dada?" Nikamwambia nitaandika.

Kunyamaza kwangu hakukuwa adabu. Nilikuwa namfikiria mjomba wangu.

Mjomba, ambaye sisi Wasoga humwita kojja, anakaa Walukuba, Jinja. Alikuwa askari. Majeshi ya Uganda yaliingia Mogadishu Machi 2007 chini ya Umoja wa Afrika. Yeye akapelekwa miaka michache baadaye, akarudi na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Kiswahili ninachoandikia makala hii nilikipata kwake kabla sijakipata darasani. Wazee wengi wa Busoga na Bugisu bado wanakiogopa Kiswahili. Kwao ni lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya mtu mwenye bunduki anayeuliza umetoka wapi. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini jjajja wangu akinisikia nikizungumza nacho kwa simu bado huuliza kama kuna askari nje. Basi nikaona haitakuwa haki kuandika juu ya vita kwa lugha niliyopewa na mwanajeshi bila kumuuliza mwanajeshi mwenyewe.

Likizo ilipofika nikapanda taksi kwa njia ya Tirinyi, tukapita mashamba ya mpunga ya Mpologoma, nikafika Jinja kabla ya Magharibi. Nilimweleza kojja swali lote. Alisikiliza akimenya muhogo. Akanihadithia siku aliyoumia. Katika hospitali ya kikosi walimlaza karibu na mtoto wa Kisomali mwenye jeraha la kichwa. Nje kulikuwa na foleni ya kina mama na watoto wao, wote wakimsubiri daktari yule yule.

"Nikamwambia daktari: huyu mtoto, baba yake si ndiye aliyenipiga mimi? Akasema: labda. Akaendelea kushona."

Nikafurahi, nikadhani nimepata makala. Akaniwahi. "Lakini huyo daktari alivaa sare kama mimi. Na pale langoni palikuwa na watu wenye bunduki. Wasingekuwepo, asingeshona mtu yeyote. Hao madaktari wenu wakisema vita ni haramu, waambie watuambie na lango linalindwa na nani."

Nimelichukua swali la kijana wa Busitema mkono mmoja na hili la kojja mkono mwingine. Sijui kama nimeyaweka yote mawili mahali pazuri.

Kwanza tujue hao madaktari wanaopinga vita ni nani, maana wengi tunawapinga au kuwaunga mkono kwa kuwasikia tu. Wanaojulikana zaidi ni Madaktari wa Kimataifa wa Kuzuia Vita vya Nyuklia, IPPNW kwa kifupi. Umoja huo uliundwa mwaka 1980 na mabingwa wawili wa moyo: Bernard Lown wa Marekani na Yevgeny Chazov wa Urusi ya Kisovieti. Nchi zao zilikuwa zimeelekezeana makombora. Hoja yao haikuwa ya kisiasa hata kidogo, ilikuwa hoja ya wadini. Walisema: bomu la nyuklia likianguka mjini, sisi madaktari hatuna dawa. Hospitali itakuwa imeungua, damu ya kuongezea watu itakuwa imekwisha, na muuguzi mwenyewe atakuwa majeruhi. Hayo yalikwisha kuonekana Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, ambapo madaktari na wauguzi wengi wa mji walikufa au kujeruhiwa saa ile ile walipohitajika. Na ugonjwa usio na dawa, daktari hana njia nyingine ila kuuzuia usitokee. Kinga ni bora kuliko tiba: methali hii imebandikwa katika kila zahanati ya Afrika Mashariki, na wao waliipeleka hadi kwa marais.

Kabla ya hapo madaktari na wanasayansi wa mji wa St. Louis huko Marekani walikuwa wamefanya jambo ambalo mimi limenivutia kuliko hotuba zote. Kuanzia mwaka 1958 waliwaomba wazazi wawapelekee meno ya utotoni yaliyong'oka. Yalifika maelfu kwa maelfu. Ndani ya meno hayo walikuta sumu ya mionzi iliyotoka katika majaribio ya mabomu, imeshuka na mvua, imeingia katika majani, ng'ombe wamekula, watoto wamekunywa maziwa. Mwaka 1963 mataifa makubwa yakatia saini mkataba wa kuacha majaribio ya hewani, na ushahidi wa aina hiyo ulikuwa miongoni mwa yaliyowasukuma. Hakuna aliyeweza kubishana na jino la mtoto.

IPPNW walipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1985. Katika mkutano na waandishi wa habari huko Oslo, mwandishi mmoja wa Kisovieti alianguka, moyo umesimama. Lown na Chazov wakaacha vipaza sauti, wakapiga magoti sakafuni pamoja na wenzao kumwamsha, akapona. Mtu angetunga kisa hiki tungesema ametia chumvi.

Kuna msomaji atakayesema: nyuklia inatuhusu nini sisi wa Mbale? Urani nyingi ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa mikono ya watu wanaozungumza Kiswahili kama mimi na wewe. Na mwaka 2013 madaktari hao walitoa ripoti iliyoonya kwamba vita vya nyuklia hata baina ya India na Pakistan peke yao vingepeleka moshi angani, vipunguze jua na mvua, na kuwatia watu bilioni mbili katika hatari ya njaa. Nilipopita Mpologoma niliutazama ule mpunga kwa jicho jingine.

Wala hawakuishia kwenye mabomu makubwa. Madaktari wa Afrika waliojiunga nao walisema wazi kwamba kwetu silaha inayoua kila siku ni bunduki. Daktari mpasuaji wa Kenya, Walter Odhiambo, ni mmoja wa waliobeba kampeni hiyo; walieleza kisa cha kijana wa Kongo aliyepigwa risasi usoni na kutibiwa Nairobi, kisha wakahesabu maelfu ya dola yaliyotumika kwa risasi moja na kuuliza yangesomesha na kuchanja watoto wangapi. Sisi wa mashariki ya Uganda hatuhitaji kufafanuliwa. Ghala la silaha la kambi ya Moroto lilivunjwa mwaka 1979 utawala wa Amin ulipoanguka, na bunduki zile zikashuka na wezi wa ng'ombe hadi Sebei, Teso na nyanda za chini za Bugisu kwa miaka mingi. Ssenga yangu alikuwa muuguzi miaka hiyo. Anasema walijua msimu wa uvamizi kwa vitanda, kabla redio haijatangaza.

Sasa tuje kwenye dini, ambako ndiko niliulizwa.

Imam al-Ghazali katika Ihya, kwenye kitabu cha elimu, anaiweka elimu ya utabibu katika faradhi ya kutosheleza: wakiwapo wa kutosha, wengine wamesamehewa, wasipokuwapo, mji mzima una dhambi. Kisha analalamika kwamba kuna miji haina tabibu Mwislamu hata mmoja, na huku vijana wote wanasongamana katika fikihi wapate kubishana. Nilipoisoma sehemu hiyo nilijiona mimi na wenzangu wawili wa siku ile ya chai.

Na utabibu wenyewe katika Uislamu ulizaliwa pembeni mwa vita. Rubayyi' bint Mu'awwidh, radhi za Allah ziwe juu yake, amesimulia, na Bukhari ameipokea, kwamba wao wanawake walikuwa wakienda na Mtume s.a.w. vitani, wakiwanywesha watu maji, wakiwatibu majeruhi na kuwarudisha Madina waliokufa. Rufayda wa kabila la Aslam alikuwa na hema lake, na Sa'd bin Mu'adh alipojeruhiwa Khandaq alipelekwa kwake. Kwa hiyo anayesema daktari wa Kiislamu amekuwa akienda na jeshi tangu mwanzo, amesema kweli. Kojja ana dalili.

Ila kuna kisa kingine, na naomba mnivumilie nikieleze kwa urefu, kwa sababu ndicho kilichonitoa kwenye mkwamo.

Hunayn bin Is'haq alikuwa tabibu wa Baghdad, mfasiri mkubwa wa vitabu vya Kigiriki, Mkristo, aliyefariki mwaka 873. Khalifa al-Mutawakkil alimwita siku moja akamwambia: nitengenezee dawa ya kumuua adui yangu mmoja kwa siri. Akamwahidi mali. Hunayn akajibu kwamba hakujifunza ila dawa zenye manufaa, na hakudhania amiri wa waumini atamtaka zisizokuwa hizo. Akabembelezwa, akatishwa, akatiwa jela mwaka mzima. Huko jela akaendelea kufasiri vitabu. Mwaka ulipokwisha akaletwa tena, upande huu mali, upande huu upanga na ngozi ya kunyongea. Akasema lile lile. Khalifa akamwambia alikuwa anamjaribu tu, apate kumwamini. Alipomuuliza kilichomzuia, akataja vitu viwili: dini yake, inayomwamrisha wema hata kwa maadui, na kazi yake, iliyowekwa kwa ajili ya kuwafaa watu, na wenye kazi hiyo wameshikwa na kiapo wasimpe mtu dawa ya kuua.

Kisa hiki hakikuhifadhiwa na Wakristo. Kimeandikwa na Ibn Abi Usaybi'a, tabibu Mwislamu wa karne ya 13, katika kitabu chake cha maisha ya matabibu, na amekiandika kwa heshima. Wanazuoni wetu walikisoma kwa karne nyingi, na hatuoni wakisema Hunayn alimvunjia khalifa amri yake ya vita. Walielewa kwamba kazi ya utabibu ina mpaka ambao hata mwenye dola haupiti.

Lakini kukataa ni hatua moja. Hunayn hakusimama sokoni kumpinga khalifa. Kijana wa Busitema anauliza juu ya kusimama sokoni.

Hapa ndipo ninapoona neno la fikihi tunalolihitaji ni *ushahidi*, kuliko *vita*. Daktari ameona. Sisi wengine tunasikia kwamba kijiji fulani kimeshambuliwa, yeye ameona risasi imeingia wapi, imetoka wapi, na mtoto ana miaka mingapi. Suratul Baqara, aya ya 283, inazungumzia mkopo na rehani, lakini wanazuoni wameichukua hukumu yake kwa upana: mwenye kuuficha ushahidi, dhambi iko moyoni mwake. Na Suratun Nisaa, aya ya 135, inataka tusimame na haki hata ushahidi ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Kama ushahidi wa deni la mbuzi hauruhusiwi kufichwa, wa damu utafichwaje?

Hiyo "dhidi ya jamaa" tuikumbuke, kwa sababu inatugusa hapa hapa chuoni. Chuo chetu, Chuo Kikuu cha Kiislamu Uganda, kilifunguliwa mwaka 1988, lakini wazo lake lilipitishwa katika mkutano wa nchi za Kiislamu huko Lahore mwaka 1974, zama za Idi Amin. Ni kheri, na tunaisoma elimu kwa sababu yake. Mtawala huyo huyo ndiye ambaye katika zama zake, Julai 1976, mgonjwa alichukuliwa kitandani hospitali ya Mulago akauawa. Alikuwa bibi mzee wa miaka zaidi ya 70, Dora Bloch, abiria wa ndege iliyotekwa na kuletwa Entebbe. Alipelekwa hospitali kwa kukabwa na chakula, na makomando wa Israel walipowachukua mateka wenzake yeye akabaki. Maiti yake ilikuja kupatikana mwaka 1979 karibu na shamba la miwa mashariki ya Kampala. Tunajua habari zake kwa sehemu kubwa kutokana na Henry Kyemba, mwana wa Busoga, aliyekuwa waziri wa afya, ambaye alimwona hospitalini, akakimbia nchi mwaka 1977 na kuandika aliyoyaona. Kyemba hakuwa daktari. Lakini mtu aliyesimamia hospitali na akasema kilichotendeka ndani yake, huyo ametoa ushahidi ninaouzungumzia. Najua kuna wasomaji hawapendi jambo hili litajwe katika gazeti la Kiislamu. Aya haikuweka msamaha kwa Waislamu.

Ndugu aliyekanya alisema: kupinga vita ni kupinga jihadi. Nataka nimpeleke Somalia, aliko pata ulemavu mjomba wangu.

Dk. Hawa Abdi alikuwa Mwislamu, daktari wa kina mama, na mwanasheria pia. Mwaka 1983 alifungua zahanati katika ardhi ya ukoo wake, njia ya kutoka Mogadishu kwenda Afgooye. Serikali ilipoanguka mwaka 1991 watu wakaanza kumkimbilia. Akawapa maji, akawapa mahali pa kujenga vibanda, na miaka ilivyokwenda kambi ikafikia watu kiasi cha 90,000, wengi wao wanawake na watoto. Aliweka sharti mbili tu za kukaa pale: hapatajwi ukoo wala kabila, na mwanamume hampigi mkewe. Aliyempiga alifungiwa katika stoo. Mnaweza kucheka, lakini katika nchi iliyokuwa ikiuana kwa kutajana koo, sharti la kwanza peke yake ni kampeni ya amani kuliko maandamano kumi.

Mei 2010 wapiganaji wa Hizbul Islam, mamia ya vijana wenye silaha, waliivamia hospitali, wakaharibu vifaa na kumshika. Walidai mwanamke hawezi kusimamia mahali kama hapo katika utawala wa Kiislamu. Aliwauliza wao wamewafanyia nini watu wao. Wanawake wa kambini wakapiga kelele, Wasomali wa nje wakapiga kelele, na baada ya siku kadhaa wakalazimika kumwachia. Akakataa kuyaacha yaishe hivyo. Akadai waombe radhi kwa maandishi. Wakaandika.

Sasa ndugu yangu uliyekanya, niambie: pale Afgooye, aliyekuwa katika amri ya dini ni yupi? Yule mwenye neno la Kiislamu katika jina la kikundi chake, au yule bibi mwenye stetoskopu? Abu Bakr r.a. alipolituma jeshi Sham alimuusia kamanda wake asiue mwanamke, mtoto wala mzee, asikate mti wenye matunda, awaache watawa na ibada zao. Wasia uko katika Muwatta. Daktari anayepinga vita vinavyoua watoto anausomea ulimwengu wasia wa Abu Bakr, hata kama hajawahi kusikia jina lake.

Miezi mitano kabla ya uvamizi huo, tarehe 3 Desemba 2009, wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Benadir walikuwa katika mahafali yao hoteli ya Shamo, Mogadishu. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 2002 na madaktari wa Kisomali walioona nchi inaishiwa na madaktari. Mtu akajilipua ukumbini. Walikufa wahitimu, walimu wao, na mawaziri akiwemo waziri wa afya, Qamar Aden Ali. Nimewaza mara nyingi juu ya mahafali yale. Majoho, wazazi, kamera. Nyinyi wa Busitema mtakuwa na siku kama hiyo inshallah.

Kuna waliosema siku ile nyuma ya msikiti kwamba harakati hizi ni za Wayahudi na Wakristo. Ni kweli Lown alikuwa Myahudi, na Chazov alitoka katika dola isiyoamini Mungu, na Denis Mukwege wa Bukavu, aliyewatibu maelfu ya wanawake walionajisiwa vitani na kupewa Nobel mwaka 2018, ni mchungaji wa Kipentekoste. Mukwege naye alianza kwa kutibu tu. Hospitali yake ya kwanza, Lemera, ilishambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani. Alipoona anawashona mama, kisha binti za wale mama, akaanza kusema, hadi Umoja wa Mataifa. Na Oktoba 2012 akavamiwa nyumbani kwake, akanusurika, mlinzi wake akauawa. Je, tumkatae kwa sababu ya kanisa lake? Mtume s.a.w. kabla ya utume alihudhuria Hilf al-Fudul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, washirikina watupu, wakila kiapo kumsaidia aliyedhulumiwa Makka awe nani. Na baada ya Uislamu akasema kwamba lau angeitwa tena katika kiapo kama kile angeitikia. Kwangu hilo linatosha.

Lakini ushahidi una masharti yake, na hapa sitawapendelea madaktari. Siri ya mgonjwa ni amana. Unaweza kusema umepokea watoto saba wenye majeraha ya risasi. Huwezi kupeleka picha ya uso wa binti wa watu katika simu za wanafunzi wote ili watu walie. Nimeona ikifanywa, kwa nia njema. Pili, shahidi haongezi. Daktari anajua jeraha, mara nyingi hajui aliyefyatua. Akisema asichokijua, hata mara moja, wenye bunduki wataitumia kumkanusha katika yote.

Na shahidi hachagui. Kila Ijumaa tunaiombea Gaza, na tunastahili kuiombea. Dk. Hussam Abu Safiya, mkurugenzi wa hospitali ya Kamal Adwan, alibaki na wagonjwa wake hadi jeshi la Israel lilipomkamata Desemba 2024, na jina lake tunalijua sote. Lakini Sudan, jirani yetu, inaungua tangu tarehe 15 Aprili 2023, Waislamu kwa Waislamu. Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu zaidi ya 460, wagonjwa na waliokuwa wakiwauguza, waliripotiwa kuuawa katika hospitali ya uzazi ya Saudi huko El Fasher. Ijumaa iliyofuata nilisubiri dua. Sikuisikia. Labda nilikuwa mbali na kipaza sauti.

Vivyo hivyo juu ya bomu. Pakistan ilipofanya majaribio Mei 1998 kuna Waislamu wengi waliofurahi, na mpaka leo utasikia ndugu akisema angalau sisi nasi tunalo moja. Mimi sioni namna silaha hiyo itakavyopita katika wasia wa Abu Bakr. Haimjui mtoto, haimjui mtawa, na miti yenye matunda inaiacha bila kizazi. Likiwa mikononi mwa Mwislamu haligeuki kuwa halali. Ninajua wapo wanazuoni wanaoruhusu kulimiliki kwa ajili ya kumtisha adui. Nimezisoma hoja zao nikabaki na swali: kitisho kisichokusudiwa kutekelezwa ni uongo, na kinachokusudiwa kutekelezwa ni kuua wasio na hatia. Mwenye jibu aniandikie.

Limebaki swali la kojja, la lango. Suratul Hajj, aya ya 39, imewapa ruhusa waliodhulumiwa kupigana, na hakuna daktari atakayeifuta. Hospitali nyingine zililindwa na hifadhi isiyo ya bunduki: huko Lacor, Gulu, wakati wa vita vya kaskazini Dk. Matthew Lukwiya alifungua lango, na maelfu wakawa wanalala uani kila usiku kwa sababu wanawaogopa waasi. Waasi walipokuja kuwachukua watawa wa hospitali, alijitoa yeye mwenyewe wakamchukua, akatembea nao porini kiasi cha wiki. Alikufa tarehe 5 Desemba 2000, na aliyemuua ni Ebola aliyokuwa akiitibu. Nilimsimulia kojja kisa hicho nikidhani nimemjibu. Akasema, "Huyo alikuwa mtu. Lakini hukuniambia waasi wangefanya nini siku ya pili kama jeshi lisingekuwa Gulu." Sikuwa na la kusema, na sina hadi sasa. Nililoweza kumwambia ni kwamba daktari anayetoa ushahidi hamwambii askari wa langoni kwamba amekosea kulinda lango. Anamwambia aliyemtuma hesabu ya waliorudi bila miguu, kabla hajamtuma mwingine. Kojja akatazama mguu wake. Akasema hesabu hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Busitema, mimi nasema jiunge. Yule aliyekukanya mfikishie salamu na makala hii, na kama ana dalili ya kunirudi ukurasa uko wazi. Ombi lenu la kutumia ukumbi ulio kando ya msikiti nimelifikisha kwa imamu. Anasema iwe Jumamosi baada ya Alasiri, isiwe wiki za mitihani, na mje na viti vyenu. Kojja anasema atakuja kusikiliza, akipata nauli.